Kufuli la Wasomaji Walioondoka

Programu ya dawa za wagonjwa ya kliniki moja ya Jedda niliiandika mwenyewe, ofisini Riyadh. Wengi waliweza kusoma orodha pamoja, lakini aliyetaka kuibadilisha alisubiri wasomaji wote waachie kufuli, yaani alama ya ndani ya programu inayozuia orodha isibadilishwe ingali inasomwa. Alasiri moja muuguzi wa huko, Mzanzibari, alinipigia simu.

"Dada, daktari anataka kupunguza dozi ya mzee mmoja. Tangu adhana programu haihifadhi."

"Nani anasoma orodha?"

"Hapana mtu. Wote wamekwenda kusali, kurasa wameziacha wazi."

"Basi hao wasiokuwepo ndio wanaomzuia."

"Mashine yako ina subira kutushinda."

Nilimwomba amzuie mgawa dawa kwanza, asimpe mzee dozi ya zamani, kisha azifunge kurasa zile. Daktari akahifadhi.

Miaka yote nimewaona wenzangu wakiondoka mezani kila adhana, na bado niliacha kufuli lishikwe kwa muda wote ukurasa uwapo wazi. Siku hiyohiyo nilirekebisha: programu inakili orodha, iachie kufuli papo hapo, hata kosa likitokea, ndipo ionyeshe. Ilikuwa mistari michache tu. Nilichoka hata kujilaumu, nikampigia tena kuuliza habari za mzee.

"Kapewa ile ndogo," alisema. "Kalala."