Shosho Aliyeomba Kiti

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Mimi si mtu wa maono. Kanisani kwetu watu wakianza kuanguka chini, mimi hushika mkoba wangu vizuri. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, nikiwa nimekunywa chai na nina akili zangu zote. Watu hupenda kuniuliza, "Ilikuwa usiku?" Hapana. Ilikuwa saa nne asubuhi, na wateja walikuwa kwenye laini.

Nafanya kazi kwa Mama Mai hapa Kitengela, nyuma ya kituo cha mafuta, kando ya barabara ya Namanga. Mama Mai ni Mvietnam. Mume wake ni Mmaasai wa Kajiado aliyeenda kusomea udaktari wa mifugo kule kwao Mama Mai, akarudi na cheti na mke. Wana mtoto mmoja, huyo Mai, aliyekuwa na miaka saba wakati huo. Duka lenyewe ni la mabati na ni dirisha tu. Unaagiza, unafungiwa, unaenda. Tunauza tambi za mchele kwenye supu ya mifupa ya ng'ombe, na mikate iliyojazwa nyama, karoti na dania. Viti hatukuwa navyo hata kimoja, maana ndani tukiwa wawili, mmoja akigeuka ni lazima amwambie mwenzake. Wateja husema wanaenda "kwa Mchina." Zamani Mama Mai alikuwa akiwasahihisha, siku hizi amechoka.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu ndilo lililoleta mengine yote. Kila asubuhi kabla hatujafungua, bakuli la kwanza la supu haliuzwi. Mama Mai huliweka kwenye rafu ya kona, mbele ya picha ya mama yake, akawasha kijiti cha ubani, akasimama hapo kimya. Ubani ukiisha, bakuli ni langu. Kwao chakula cha marehemu hakitupwi. Marehemu akishakula, walio hai wanakula. Mwanzoni niliogopa, nikakemea kimoyomoyo kwa jina la Yesu. Halafu nikaonja. Tangu siku hiyo, nikifika kazini naangalia kwanza ubani umebaki kiasi gani.

Picha yenyewe ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini hivi, mwenye nywele ndefu. Ndiyo picha pekee Mama Mai aliyokuja nayo. Mama yake alikuwa akiuza supu hiyohiyo mitaani, ameibeba begani kwa mti wenye vikapu viwili, huku jiko na huku bakuli. Alifariki wiki ileile Mai alipozaliwa. Mama Mai alikuwa bado hospitalini huku Kenya na mshono mbichi, hangeweza kusafiri. Walimzika bila yeye.

Siku moja tukimenya tangawizi aliniambia, na Kiswahili chake unakijua, ni kile cha sokoni, "Dada, mimi taka yeye aone Mai. Mara moja tu. Na aonje supu yangu, aseme kama ni yake."

Kwa sababu hakuwahi kuipata ile ladha. Kila siku alionja sufuria, akatingisha kichwa, akasema, "Bado. Si ya mama." Mimi nilikuwa naona ni tamu mpaka basi. Lakini mtu akikosa mkono wa mama yake, wewe utamwambia nini? Mimi wangu alizikwa Kinangop miaka mingi iliyopita, na mpaka leo nikinusa viazi vikichemka na maganda yake, nageuka kuangalia ni nani anapika.

Basi. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Udongo mweusi wa Kitengela kama unaujua, unajua. Unatoka nyumbani na viatu, unafika kazini na mizigo miwili. Mwalimu wa Mai akapiga simu kwamba mtoto ana homa. Mama Mai alikuwa ndio amewasha ubani, tulichelewa kufungua siku hiyo. Akachukua mwavuli, akatoka mbio, akaniacha na laini ya watu sita.

Nilipoinua macho nimpe mteja wa tatu chenji yake, dirishani palikuwa na shosho, bibi mzee. Mdogo wa mwili, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, na sura ya watu wa kule kwao Mama Mai. Nikajua ni mama wa mmoja wa wale Wachina wanaojenga fleti upande wa Kisaju.

"Shosho, ngoja laini," nikamwambia.

Hakuna mtu aliyelalamika kwamba amepita mbele. Hebu fikiria hapo. Watu wa Kitengela, kwenye mvua, mtu awapite mbele na wanyamaze? Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Na nilipochungulia nje nikaona viatu vyake, vile vya plastiki, safi kabisa, havina tope hata kidogo. Niliviona, nikasema tu huyu ameletwa na gari. Nilikuwa na haraka zangu.

Nikamwekea supu moto. Akakataa kwa mkono. Akanyoosha kidole kwenye rafu, kwa bakuli la kwanza, na ubani ulikuwa umefika nusu.

"Hiyo si ya kuuza."

Akatabasamu. Akakunja magoti kidogo, akapapasa nyuma yake, akaangalia huku na huku. Hata mtoto mdogo angeelewa kwamba anaomba mahali pa kukaa.

"Shosho, hapa hatuna viti. Ni ya kubeba tu."

Ndipo akasema neno moja. Alichungulia ndani, akapita bega langu kwa macho, akasema taratibu, "Bong?"

"Hakuna mtu anaitwa hivyo. Hapa ni kwa Mama Mai."

"Bong?" Akaweka mkono chini ya kiuno, kama mtu anayekuonyesha kimo cha mtoto.

"Hakuna Bong hapa, shosho. Umepotea."

Akalitaja tena mara ya tatu, kwa sauti ya chini, na mimi nikatingisha kichwa tu. Nikaona njia ya kumaliza hayo maneno ni kumpa anachotaka. Nikachukua lile bakuli, supu imepoa mpaka mafuta yameanza kuganda juu, nikaimimina kwenye mkebe, nikafunika, nikatia kwenye mfuko wa karatasi. Akaupokea kwa mikono miwili. Aliniangalia bila hasira hata kidogo. Laiti angenikasirikia! Akageuka, akaenda kuelekea barabarani.

Mama Mai alirudi baada ya dakika kumi, Mai mgongoni. Nikamweleza nikicheka, unajua vile mtu huhadithia vituko vya wateja. Eti kuna shosho Mchina amekuja, amekataa supu moto akataka ile baridi, eti anatafuta Bong.

Nikageuka. Mama Mai alikuwa ameketi juu ya gunia la vitunguu, na uso wake umebadilika rangi.

"Alisema nani?"

"Bong. Mara tatu."

"Dada, hilo jina hata Baba Mai hajui. Ni mama tu alikuwa anaita. Mimi mdogo, nyumbani."

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini. Miaka minne tumefanya kazi pamoja, tumekula bakuli moja, na sikuwahi kumuuliza, wewe mama yako alikuwa akikuitaje? Wewe umewahi kumuuliza nani?

Alitoka nje mbio na Mai mgongoni, kandambili zikabaki kwenye tope. Nikamfuata. Wanaume wa bodaboda kwenye steji wakaapa hakuna shosho aliyepita. Kwenye tope palikuwa na nyayo za kila mtu, lakini za viatu vile vidogo hazikuwepo. Kule mwisho, juu ya saruji ya daraja la mtaro, tuliukuta ule mfuko. Mvua inanyesha, na karatasi ni kavu. Mama Mai akaushika, akauachilia haraka. Niamini, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyefunga supu baridi. Mkebe ulikuwa unachoma vidole, na ulikuwa umejaa vilevile.

Akafunua. Akanywa funda moja, akiwa amesimama pekupeku kwenye mvua, na mwanamke huyu ambaye sijawahi kumwona akilia, akalia kwa sauti.

"Ni yake," akasema. "Dada, ni yake."

Akamnywesha Mai. Mtoto ambaye mwalimu alisema hajagusa kitu tangu asubuhi alikunywa mpaka akainamisha mkebe. Halafu Mama Mai akaniuliza swali ambalo bado nalisikia.

"Wewe ulimwambia nini?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia ukweli: nilimwambia hakuna mtu anaitwa hivyo hapa. Na kwamba hatuna viti.

Hakunigombeza. Alinishika mkono, tukarudi dukani, tukafungia wateja chakula chao.

Imepita miaka miwili. Ladha ile haikurudi. Kila siku anaonja sufuria, anasema bado. Lakini ukija leo utakuta kiti kimoja cha mbao nje ya dirisha, na usijaribu kukikalia, nitakutoa hata kama wewe ni chifu. Ukutani Baba Mai ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, BONG. Wateja wanafikiri ni jina la biashara. Na Mama Mai hatoki dukani kabla ubani haujaisha, hata simu ilie namna gani. Mai naye asubuhi za wikendi hukaa kando ya kile kiti, amechanwa nywele, ili shosho yake akija amwone.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, kama una duka, au ofisi, au unakaa tu getini pa watu: mtu mzima akija kuuliza jina usilolijua, usiwe na mdomo wa haraka kama wangu. Usimwambie amepotea. Mpe kiti, umwambie, "Kaa, nikuitie." Kwani unachelewa wapi?

Na jambo la mwisho. Chini ya lile neno jekundu, karibu na ardhi, kuna jina lingine, dogo, la chaki. Mvua hulifuta, mimi huliandika tena. Ni lile mama yangu alilokuwa akiniita kule Kinangop, na sitakuambia linasemaje. Ukipita hapo ukaliona, tafadhali, usiliguse.