Nyasi Nilizozilaza Mwenyewe

Siku ya kwanza nilifika kiwandani na nguo nyeusi ya msiba, maana sikuwa na nyingine safi. Mume wangu alikuwa ameniachia Skola, Efremu, na Bosko aliyekuwa bado mgongoni. Msimamizi wa Vitanda, vile vya kuanikia kahawa, akanitazama toka miguuni mpaka kichwani. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Huyo mtoto anakaa wapi ukifanya kazi?"

"Hapohapo alipo."

"Akilia?"

"Atalia huku nachambua."

Hakucheka. Yule mzee sikumwona akicheka hadi tunaachana. Alinionyesha kitanda cha mwisho, kile cha karibu na choo, nikaanza.

Ninyi wajukuu mnaokoroga kahawa ya kopo hamjui ilikopita. Kiwanda chetu cha ushirika kilikuwa bondeni kando ya mto, kwa sababu kahawa inataka maji mengi. Mbivu zinaletwa jioni, mashine inazimenya, punje zinalala kwenye matangi mpaka ule utelezi uachie. Kisha zinaoshwa na kuanikwa juu ya vitanda vya wavu. Hapo inaitwa kahawa ya maganda, kwa kuwa bado imevaa ganda lake jembamba. Sisi wanawake kazi yetu ilikuwa kuigeuza na kuichambua: iliyovunjika toa, iliyotobolewa na mdudu toa, nyeusi toa. Wingu likitanda, tunafunika. Msimamizi alipita nyuma yetu, mikono mgongoni, akisema, "Vidole kwenye kahawa, macho juu." Jioni mgongo ulikuwa haunyooki.

Nilikuwa na sababu ya kuvumilia. Mimi ni Mnyasa wa Lundo, kule ziwani, nikaolewa huku milimani Umatengo. Mila ya ukoo ule ilikuwa mjane arithiwe na ndugu wa marehemu. Shemeji yangu alikuja mapema, tena kwa adabu. Nilipokataa, akaweka chini kikombe cha togwa, akasema, "Sawa, shemeji. Kaa na watoto wa kaka yangu. Siku utakaposhindwa kuwalisha, ukoo utawagawana." Hakuwa mtu mbaya, ndivyo alivyolelewa. Lakini nilimwogopa kuliko njaa yenyewe.

Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda na magari mpaka mlangoni mwa mkulima, wakalipa papo hapo, kahawa iwe kavu iwe mbichi. Nani angengoja malipo ya ushirika yanayokuja kwa awamu? Simlaumu mtu, hata mimi nisingengoja. Msimu mmoja vitanda vikajaa nusu, uliofuata vikabaki wavu mtupu. Msimamizi akatuita. "Mama zangu, hakuna kahawa ya kuchambua. Nendeni mkalime." Akafunga lango, naye akaondoka kwa miguu kama sisi.

Miezi ile ya mvua, kabla mahindi mapya hayajakomaa, tuliishi kwa majani ya maboga na muhogo aliouleta mama yangu kutoka Lundo. Shemeji akaja, akaziona mbavu za Efremu, akamshika mkono. Mtoto alikuwa hajamaliza kung'oka meno ya utotoni. Hakulia. Nilisimama mlangoni mpaka wakapotea kwenye kona, na uchungu kama ule sijapata kuusikia, hata siku ya kumzika baba yake.

Kilichobaki ni shamba la marehemu, mteremko mkali. Kule hawalimi matuta, wanalima ngolo. Mwanamume anafyeka nyasi kwa nyengo, lile panga lenye ncha iliyopinda. Zikinyauka anazilaza kwa mistari inayokatana, yanatokea maumbo ya mraba. Ndipo wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba, wanazifunika nyasi na kupanda maharage juu yake. Shimo linalobaki linashika maji, na mlima hauporomoki. Sasa kama hakuna mwanamume wa kulaza nyasi, jembe la mwanamke litaanzia wapi? Nilimwomba shemeji. Akasema atalaza siku nitakapohamia kwake.

Nikachukua nyengo mwenyewe. Kufyeka si shida, shida ni kulaza. Mimi mtu wa mchangani nililaza mistari yote ikishuka kutoka juu mpaka chini, nikajiona nimemaliza. Nikasikia mtu anakohoa njiani. Ni yule Msimamizi.

"Mama Skola, unachimba mfereji. Mvua ya kwanza itakupelekea shamba Lundo."

Nilikasirika mpaka machozi. "Basi ingia unionyeshe, mzee."

"Nikitia mguu humo, kesho watasema nimekuoa, na shemeji yako atapata la kusema. Nitasimama hapahapa. Laza kwanza mistari ya kukinga mteremko, inayoshuka ije juu yake. Nene zaidi. Nimesema nene."

Alinifokea kutwa nzima kama tuko kiwandani. Kila aliyepita alimwona yuko njiani, na nyengo iko mkononi mwangu.

Siku ya kufunika sikuwa na chakula cha kuwapa watu. Wale niliochambua nao kahawa walikuja na majembe na vyakula vyao. Mmoja akasita. "Nyasi za mwanamke tunazifunika hivihivi?" Mwenzake akamjibu, "Nyasi ni nyasi. Piga jembe, jua linapanda."

Maharage yalikubali. Nilijitwika debe mpaka kwa shemeji, nikalitua mbele yake.

"Nimemfuata mtoto."

"Nani alikulazia nyasi?"

"Mimi."

"Nilisikia. Sikuamini." Akamwita Efremu.

Tulipokaribia nyumbani mtoto akauliza, "Mama, ni wewe uliyenigawa?" Nikapiga magoti njiani, nikamwambia hapana.

Baadaye kampuni moja ikafungua tena kiwanda, nikarudi kuchambua, mwishowe nikawa Msimamizi wa Vitanda mimi mwenyewe. Nilifoka vilevile kama yule mzee. Nilistaafu macho yalipoanza kuchanganya punje nyeusi na za kahawia. Kazi niliipenda, sitaki kudanganya, lakini niliifanya kwa ajili ya watoto watatu waliolala chini ya paa moja.

Shemeji amefariki mwaka huu. Ameacha mjane kijana, mke wake wa mwisho, na watoto wadogo. Baada ya arobaini ukoo ukakaa, wazee wakaanza kutaja nani amchukue yupi. Efremu sasa ni mtu mzima mwenye neno katika ukoo ule. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akasimama.

"Baba zangu, shikamooni. Mimi niliwahi kugawanywa. Hawa hawagawanywi."

Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake, karibu na yule mjane. Alinishika mkono, na hakuuachia mpaka watu walipoanza kutawanyika.