Ndege Nilizopungia Mkono

Juzi, kwenye foleni ya viza, mwanamke aliyekuwa mbele yangu alinukia nguo iliyotoka kupigwa pasi, nikamkumbuka Mama na siku aliyoenda Nairobi kuomba yake. Alitaka kumtembelea dada yake Amerika. Jioni ya kuamkia siku hiyo, akina mama wa kanisa walikuja kwetu Ruiru, wakaimba, wakamwekea mikono kichwani na kumwombea safari njema. Asubuhi akatoka na viatu vya Jumapili. Mimi nikajua ndiyo ameenda ng'ambo.

Mchana kutwa nilisimama kando ya kamba ya nguo, harufu ya sabuni puani, nikipungia mkono kila ndege iliyopita. Sikujua ubalozini mtu huenda kuulizwa maswali tu.

Jua likielekea kuzama, geti lililia. Mama akaingia, viatu mkononi, mkate kwapani.

"Wamekubali!" alimwambia mama yake, nyanya yangu, huku akicheka. "Nitaenda mwezi ujao, Maitũ."

Nilimshika sketi kwa mikono miwili, nikashusha pumzi.

"Uende tena wapi, Mama?" nikamwuliza. "Si umesharudi?"