Shemeji Alipofukua Kuvumwani

Mume wa dada yangu ni dalali wa mbuzi hapa Garissa, na tunaishi ua mmoja. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika sokoni, nahesabu nimesafiri. Ndiyo maana alinibandika jina la utani, na huku kwetu jina la utani likikushika hufa nalo: Chura, asiyetoka bwawani mwake. Kila alasiri nilikaa na chai yangu chini ya tangi letu linalovuja, kwa sababu hapo tu, katika ua mzima wa vumbi, palikuwa na kijani. Kuvumwani, ule mmea mdogo wa penye unyevu, laini kama manyoya ya kifaranga, iliyokuwapo tangu mama yangu yu hai.

Siku moja niliamka usingizi wa mchana nikakuta shimo. Shemeji alikuwa amepafukua, udongo akautumia kusawazisha mbele ya baraza yake, anapopokea wateja.

"Chura, hama," akaniambia. "Bwawa limekauka."

Wateja walicheka. Hata dada yangu alicheka, ameziba mdomo kwa mtandio.

Wallahi, niliapa atanilipa. Lakini kupigana siwezi, na jibu kali hunijia nikiwa nimeshalala. Silaha yangu ilikuwa bayolojia ya sekondari, somo pekee nililofaulu. Kuvumwani haina mbegu. Humwaga spora, vumbi lenye uhai. Nyingine huota, nyingine hufukiwa zikalala miaka. Juu yaweza kubaki aina moja tu iliyovumilia ukame, kumbe chini wamelala jamaa zake wa misimu iliyopita, kila mmoja na urithi wake. Sisi tuna abtirsi, kutaja mababu mmoja baada ya mwingine mpaka wa kwanza; udongo nao una abtirsi yake. Shemeji alikuwa amebeba ukoo mzima na kuumwaga mlangoni kwake, tena penye kivuli.

Nikaanza kutawadhia hapo, kila swala.

"Siku hizi Chura ana dini!" shemeji akatania.

"Amina," nikamjibu, nikaongeza maji.

Kijani kikatokea. Kwanza ile niliyoizoea. Kisha nyingine, yenye vijiti vyekundu. Kisha kitu bapa, kimelala chini kama masikio ya mwanambuzi, ambacho sikuwa nimekiona tangu zile mvua kubwa za utotoni, mama akitukataza kukikanyaga. Hapo chuki ilitaka kunitoka. Nikaidaka.

Ijumaa walikuja wanunuzi wazito. Shemeji akatoka na chupa ya chai, kanzu imepigwa pasi, akakanyaga kile kijani. Miguu ilielekea Hagadera, makalio yakabaki Garissa. Mgeni mmoja, kabla hata ya kumpa mkono, akasema, "Pole, Teleza." Basi. Kufikia magharibi hata mwuza maziwa alishamwita hivyo.

Ila mara tu alipoinuka, alinijia na jembe, kanzu ina matope.

"Ni wewe!"

"Mimi? Udongo umeuleta mwenyewe. Chimba tu, shemeji. Hao ni wa enzi za mama. Chini yao wapo wa nyanya."

Akachimba kwa hasira, akiurusha wote upande wangu, chini ya tangi, jembe baada ya jembe, wageni wakitazama. Nilisimama kando nikimwelekeza.

"Sogeza kushoto kidogo. Hapo unapourusha pana jua."