Mahari Iliyokwama Karantini

Nusu ya ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wamekwisha kuingia zizini kwa baba, pale Kishapu, sotoka ilipozuka. Idara ya Mifugo ikafunga njia: ng'ombe asiingie wala asitoke. Watu ruksa kupita. Nusu nyingine ikabaki ng'ambo, kwa mchumba wangu.

Kwetu binti haondoki mpaka ng'ombe wote wafike. Nikasema, "Baba, serikali imezuia ng'ombe, haikunizuia mimi." Akajibu huku akisokota kamba yake, "Wewe unakwenda na ng'ombe, mwanangu."

Basi nikakaa. Kila asubuhi nilitikisa kibuyu cha maziwa ya mahari yangu mwenyewe, kaka zangu wakala samli na kuisifu. Nikapalilia tena shamba la mama, shamba nililokwisha kuliaga.

Hatimaye bwana mifugo akaja, akawafunua ng'ombe midomo, akatazama fizi, akasema hawa wazima na njia imefunguliwa. Jioni ile mjumbe wa mchumba akafika: waliobaki kule wamekufa wote, anaomba arudishiwe hawa.

Baba akawafungulia. Walitoka wakisukumana. Mimi nikabaki mlangoni pa zizi tupu na kibuyu changu, na njia iko wazi.