Fabiani na Koki ya Nyuma

Watu wa kambini wakimtaja Fabiani siku hizi huteremsha sauti, kana kwamba anayetajwa ni mgonjwa. Mimi siteremshi. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu mwanangu Muhsin anatambaa, na nikiwaachia wale wanaoguna kabla ya kusema, mtasikia mambo ambayo hayakutokea.

Fabiani ni fundi wa mabomba katika kiwanda cha chai, huko juu ukishaipita Dindira, ambako ukungu unaingia ndani asubuhi bila hodi na nguo hukaa kambani mpaka zinuke. Babu yake aliletwa kukata mkonge huko chini, upande wa Hale. Baba yake akauzeekea mkonge huohuo. Fabiani akasema yeye miiba haitamzika, akapanda mlima akiwa kijana na kujifunza mabomba kwa kubeba spana za wengine. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye kichwa kigumu. Akishaliamini jambo, hata umwimbie hageuki.

Mkewe Rhoda alikuwa na jina kuliko yeye. Mzazi yeyote wa kambi ile, wa msikitini au wa kanisani, alikandwa na Rhoda. Mimi mwenyewe nilipojifungua Muhsin ndiye aliyenikanda tumbo na mgongo hadi nikaweza kusimama wima tena. Alikuwa na namna yake: anachovya mkono majini, ananyamaza, kisha anasema, "Haya, yamefika." Hakuwahi kumuunguza mtu.

Maji yenyewe aliyaleta kwenye ndoo iliyofunikwa kanga. Kambini kwetu anayebeba maji ya mzazi hasalimiwi wala haulizwi anakotoka au anakokwenda, kwa sababu wakubwa wetu walisema jicho baya hupitia kwenye salamu. Wanaume ndio kabisa, wakimwona hugeuza uso. Kwa hiyo Fabiani aliishi na mwanamke yule miaka yote bila kujua maji anayateka wapi. Sisi wanawake tulijua. Nyuma ya chumba cha kukaushia chai, mwisho kabisa wa bomba la mvuke, kulikuwa na koki. Ukiifungua yanatoka maji ya moto, bila kutafuta kuni wala kupuliza jiko.

Basi mwaka ule mwenye kiwanda alitukusanya uani, ukungu umetukalia mabegani, akatuambia kuwa boila inakula kuni kuliko chai inavyoweza kuzilipia. Mikaratusi ya karibu imekwisha, magogo yanatoka mbali. Kuni zisipopungua msimu huu, msimu ujao geti halifunguliwi. Wenzangu walilia. Mimi nilikasirika, maana boila ile hatukuijenga sisi, lakini hasira ya mchambua majani haipunguzi hata kijiti kimoja.

Akaletwa mhandisi kutoka Tanga, kijana anaitwa Abdi, mwenye adabu zake. Alitembea na Fabiani bomba kwa bomba, tangu kwenye boila hadi kwenye makaushio ya chai.

"Mzee wangu," akamwambia, "mnachoma kuni kupasha moto mlima. Mvuke mwingi haufiki kwenye chai."

Akamwonyesha. Mabomba yalikuwa uchi, joto linapotelea hewani. Kwenye maungio mvuke ulikuwa unapuliza mchana kutwa. Na ile mitego, yaani vile vidude vya chuma vinavyotakiwa kuyatoa maji mvuke unapopoa na kuuzuia mvuke usitoroke, mingine ilikuwa imeachia kabisa na mingine imeziba kwa kutu. Fabiani alisikiliza bila kubisha. Baadaye aliniambia kuwa aliona aibu, kwa sababu sauti ile ya kupuliza alikuwa ameizoea, akadhani ndivyo kiwanda kinavyopumua.

Tangu siku hiyo hakukaa. Aliyavika mabomba magodoro ya kuzuia joto na kuyafunika kwa bati. Alikaza maungio. Maji ya moto yaliyokuwa yanamwagika mtaroni aliyarudisha kwenye tangi la boila. Abdi alimfundisha kuusikiliza mtego kwa bisibisi, ncha moja kwenye chuma na mpini sikioni, na Fabiani akawa haiachi bisibisi hata mezani.

"Baba Shukuru, na mimi nisikilize," Rhoda alimtania mbele yangu. "Pengine navuja."

Alicheka yule bwana hadi akapaliwa na chai. Nalikumbuka cheko lile kwa sababu sijalisikia tena.

Kuni zikapungua kweli. Rundo la uani, ambalo zamani lilikuwa linakwisha kabla lori halijarudi, likawa linabaki. Mwenye kiwanda akasema msimu ujao tupo. Na kwa Fabiani halikuwa jambo la kiwanda tu. Shukuru, mtoto wao wa pekee, alikuwa anafanya kazi ya kufungasha chai na alikuwa na mimba iliyoingia mwezi wake, baada ya nyingine mbili kuharibika. Geti likifungwa, wote watatu wangeshuka bondeni kuanza upya, na mjukuu mgongoni.

Ulibaki mtego mmoja, wa mwisho, nyuma ya chumba cha kukaushia. Huo ndio uliokuwa umeziba tangu zamani. Maji yalikuwa yamejikusanya bombani kwa kukosa pa kutokea, na ndiyo tuliyokuwa tunayapata kwenye koki. Fabiani akaung'oa, akafunga mpya. Maji yakaondoka, bomba likajaa mvuke mtupu wenye presha mpaka mwisho. Alipoiona koki aliuliza, na hili nawaomba mlisikie vizuri, aliuliza. Aliwauliza wanaume wa boila kama kuna anayeitumia. Habakuki, mchochea moto, akasema hakuna. Akaiacha palepale, isaidie kusafishia bomba. Sisi hakuna aliyetuuliza. Usilolijua ni usiku wa giza.

Shukuru alijifungua salama kwenye kituo cha afya, mtoto wa kike, akarudi kambini. Kesho yake asubuhi Rhoda akatwaa ndoo, akaifunika kanga mpya aliyoiweka kwa ajili ya siku hiyo. Kwenye kona ya stoo ya magunia akakutana na mumewe uso kwa uso. Fabiani aliiona ndoo, akajua ni maji ya binti yake, akafurahi moyoni. Kisha akafanya kama alivyolelewa. Akageuza uso ukutani hadi mkewe akapita.

Koki ilikuwa imekaza. Rhoda aliizungusha kwa mikono miwili.

Tuliokuwa ndani tulisikia mvuke kwanza, halafu yeye. Fabiani hakuhitaji kuambiwa ni wapi. Alikimbia moja kwa moja, akavua shati, akaizungushia koki na kuifunga. Ndipo akaiona kanga chini. Alikaa palepale kwenye tope akiwa ameishika mikono ya mkewe kwa vifundo, anauliza jambo moja tu, "Kwa nini hukuniambia?" Rhoda naye, katika maumivu yale, akamjibu, "Na wewe ungeniulizaje?"

Walimpeleka hospitali Korogwe. Watu wakaja kumpa Fabiani pole, wakamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Yule aliyelisema hilo mbele yangu nilimtoa nje.

Shukuru nilimkanda mimi, vibaya, kwa maji ya jiko. Rhoda aliporudi arobaini ilikuwa haijatimia. Daktari alisema mikono imepona, na kwa daktari nadhani ilipona. Vidole vimejikunja, ngozi inang'aa, na kwa mikono hiyo hasikii moto tena. Tangu hapo hajaitwa na mzazi mwingine, wala hatukuwahi kukaa kuamua hivyo. Hawamwiti tu. Kiwanda kinakwenda, moshi wa boila umekuwa mwembamba, na Fabiani huwa anapita njia ya mbali asiione kona ya stoo.

Lakini jioni ile aliyorudi, Rhoda alisema binti yake atamkanda mwenyewe. Nikaleta ndoo. Akachovya mkono, akanyamaza, kama zamani. Tukasubiri aseme. Akauzamisha hadi kwenye kifundo, akaendelea kunyamaza, na Shukuru akaanza kulia chini chini.

Mimi nilikuwepo, ningeweza kumwambia kama yamefika. Hakuniangalia.

"Baba Shukuru," aliita. "Njoo uniambie."

Mwanaume haingii chumba cha mzazi. Fabiani aliingia. Alikuja kinyumenyume, mgongo kwetu na uso mlangoni, akapapasa nyuma kwa mkono hadi akaipata ndoo, akauchovya.

"Bado yanaunguza," alisema. "Ngojeni kidogo."

Tukangoja, na yeye hakuutoa mkono.