Debe la Bi Hamisa

Landrova ilisimama mbele ya bomba jipya, Habakuki akateremka na kamera yake, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope. Alizaliwa Kwashemshi, milimani, ambako mito haikauki. Nyika hii ya Handeni hakuwa amewahi kuikanyaga. Alikuwa ametumwa kupiga picha za kijiji cha Ujamaa kilichopata maji.

Bi Hamisa, aliyepangiwa kumpokea, akamletea kopo la maji.

"Karibu, baba. Nawa."

Habakuki akanawa kama wanavyonawa kwao: mikono, uso, shingo, akasukutua, akamalizia miguu. Akanyoosha kopo tupu aongezewe. Wanawake wakatazamana.

"Huyu kaja kuoga," mmoja akasema.

"Kwao maji yanapita mlangoni," Bi Hamisa akajibu. "Huku mgeni analowesha vidole tu, baba. Tangu alfajiri nachimba mchanga mtoni, nangoja yajikusanye. Binti yangu Chausiku kajifungua jana. Limebaki debe moja la kumwogesha mtoto."

Bwana Mdoe, ofisa aliyekuja na Habakuki, akafungua bomba. Likakoroma, likatoa upepo. Mdoe wala hakuona haya.

"Mama, lete hilo debe. Tunamimina kwenye tangi, bomba linatoka kidogo, ndugu anapiga picha. Ni kwa ajili ya taifa."

"Taifa nalo limejifungua?"

"Usilete siasa!"

"Siasa mmeileta nyie na malori yenu. Nilikuwa na kijito nyuma ya nyumba. Mkaling'oa paa nikiwa ndani, mkasema twende kwenye bomba. Haya, bomba lako hilo. Kunywa upepo!"

Habakuki akalielekezea bomba kamera. Uso wake ulikuwa bado una ubaridi wa maji ya kichanga.

"Nitalipiga hivihivi, kavu," akasema.

"Basi utarudi Korogwe kwa miguu."

Bi Hamisa alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na Chausiku, kichanga kimefungwa kangani, yeye mwenyewe debe kichwani.

"Tunarudi kwenye kijito chetu."

"Mtarudishwa!" Mdoe akafoka.

"Uje na maji, ndipo unirudishe."

Habakuki akawapiga picha wakiondoka, kisha akaita: "Mama, nisamehe!"

Bi Hamisa hakugeuka. Debe lilikuwa limejaa, na kugeuka ni kumwaga. Habakuki akabaki kwenye tope alilolifanya kwa kunawa miguu. Kijiji kizima hakikuwa na tope jingine.